Fremu ya begi la mgongoni nataka kuifanya ya kubebea mbawa za popo, fundi kanitobolea bomba, naomba msaada

kijana_wa_chake

Asalaam alaykum ndugu zangu, mwenzenu nnakwama na siku zinakwenda. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, tarehe 5 mwezi wa sita siku ya mazingira skuli yao wanatembea kutoka mjini Chake mpaka uwanja wa Gombani, kila darasa limepewa mnyama wake wa Pemba na la kwao wamepewa popo, popo wetu huyu mkubwa wa hifadhi ya Kidike, na yeye ndo aliyechaguliwa kumvaa. Nimemuahidi mbawa za haki, si makadibodi ya kufunga mikononi ambayo nusu ya njia yashakunjika, nataka kila bawa liwe mita moja na nusu, lifunguke na lifungike.

Nimepata mtumbani begi la zamani la wapanda milima lile la fremu ya nje. Kitambaa kimeoza nimekitupa, ila fremu ilikuwa nzima: mabomba mawili marefu yamepindwa kidogo kufuata mgongo, kati yake vyuma vinne vya kupita, chini kitako cha kukunja cha kuwekea mzigo, na mkanda wa kiunoni bado upo na kifungio chake. Nikasema hii ndo mgongo wa popo. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea (simtaji, hakukusudia), nikamwambia anichomelee vipande viwili vya nondo juu kama pembe ili nifunge mbawa hapo. Ile kugusa fimbo ya kuchomelea tu, bomba la kulia likatoboka likadondoka kama nta, sasa lina tundu la kuingia kidole kidogo, sentimita kama 12 hivi kutoka juu. Mdogo wangu alikuwepo, hakusema kitu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sasa nauliza, hii fremu inafaa tena au niitupe? Na kama inafaa mbawa nizifunge vipi bila ya kuchomelea? Nimefikiria pia kukikata kile kitako cha chini na vyuma viwili vya kati ili iwe nyepesi, na kutoboa matundu ya bolti kwenye mabomba. Jengine, nikiinua tu fimbo ya mita moja na nusu pale juu naiona fremu nzima inanivuta kinyumenyume, huyu mtoto hatoanguka kweli?

fundi_mwera

Waalaykum salaam. Pole, na usiitupe. Na usikate chochote kwanza, weka msumeno chini.

Hiyo si chuma, ni aluminiamu. Chukua sumaku ya spika mbovu uiguse, haitonata. Chuma cha kawaida kinayeyuka nyuzi 1500 hivi, aluminiamu 660 tu, na ubaya wake haibadiliki rangi, chuma kikikaribia kinakuwa chekundu unaona unajizuia, aluminiamu unaiona nyeupe vilevile kumbe ndani ishakuwa uji, ghafla puu. Halafu juu yake ina ngozi nyembamba ya oksaidi ambayo yenyewe haiyeyuki mpaka uvuke nyuzi 2000, ndo maana ile fimbo ya kuchomelea nondo haishiki abadan, inayeyusha cha ndani na ngozi ya juu bado ipo. Kazi hiyo inataka mashine ya kuchomelea ya tigi (TIG) yenye gesi ya agoni na umeme wa AC, na kwa bomba jembamba kama hilo hata mwenye mashine anatoka jasho. Kuchomelea nondo juu ya aluminiamu ndo haiwezekani kabisa, hata na hiyo mashine.

Jengine ambalo hujaliona ni kuwa pale palipopata moto si tundu peke yake. Aluminiamu ya fremu hizi imefanywa ngumu kiwandani kwa moto wa kupimwa, ukiichoma ovyo ule ugumu unaondoka, kwa hivyo kama inchi moja juu na inchi moja chini ya tundu pameshalegea hata kama kwa macho pako sawa. Ndo hapo patakapopinda.

Dawa yake hii. Juu ya bomba kuna kizibo cha plastiki, king'oe. Chonga kijiti cha mti mgumu ukilainishe kwa tupa na msasa mpaka kiingie kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mpira, kiwe kirefu cha kupita tundu na kushuka sentimita 10 chini yake. Kipake gundi ile ya kuchanganya mirija miwili, gonga, kiache mpaka kesho. Halafu nje tafuta bomba la aluminiamu la ukubwa uleule au zaidi kidogo, antena za zamani za TV zilizotupwa juu ya mapaa zina mabomba hayo, kata sentimita 20, lipasue kwa urefu upande mmoja, livishe juu ya kidonda kama ganda la muwa, kaza kwa klipu nne za hosi zile za gereji za kubania mpira wa rejeta. Vichwa vya skrubu vitazame nje, visimchome mtoto.

Kati ya klipu na bomba zungusha kipande cha tyubu ya baiskeli. Usilidharau hili kwa sababu sie tunakaa na chumvi, chuma na aluminiamu zikikaa zimegusana kwenye unyevu wa chumvi inayoliwa ni aluminiamu, utaona unga mweupe kisha pananyauka.

Na hayo matundu ya bolti hapana. Bomba jembamba likipinda linabeba kwa ngozi yake ya nje, ukilitoboa umeliambia lipasukie hapo. Vyuma vya kati navyo viache, hivyo ndo vinavyozuia fremu isijipinde kama kitanda cha kamba kilicholegea. Fremu hii inafungwa tu, haikatwi.

kijana_wa_chake

Sumaku imekataa kweli, nimeijaribu sasa hivi. Wallahi ningejua mapema ningekuja hapa kwanza. Antena ipo juu kwa bibi haina kazi tangu waweke king'amuzi, nimeshamuomba. Kitako cha chini basi nakiacha, ila bado sijaelewa mbawa zinakaa vipi.

mshonaji_wete

Kijana nikuingilie kidogo kabla hawajakujaza mambo ya mabomba. Mie nimekulia si mbali na Kidike, hawa popo nawajua tangu mdogo, na kama mnataka kumuonesha popo wa Pemba basi mumuoneshe yeye.

Popo wetu hana mkia. Watoto wakichora popo wanamwekea mkia na masikio marefu kama sungura, hao ni popo wadogo wa kula wadudu wanaotafuta njia kwa mwangwi. Huyu mkubwa anakula matunda, anatumia macho na pua, kwa hivyo macho yake makubwa, masikio mafupi tu, na sura kama ya mbwa mdogo au komba. Kichwa na kifua ni rangi ya kahawia ya kuiva inayokwenda kwenye chungwa, mbawa nyeusi. Akikaa anajifunika na mbawa kama mtu kajitia ndani ya koti. Hapatikani popote duniani ila kisiwa hiki kimoja, na miaka ya themanini walikuwa wamebaki wachache mno kwa kupigwa na kuliwa na kwa miti kukatwa, leo wako maelfu kwa sababu watu wa vijiji walikubali kuwaacha. Mtoto anayemvaa ajue hayo maana ataulizwa.

Sasa bawa. Bawa la popo ni mkono. Ana bega, kiwiko, kiganja, na vidole vyake ndo vile vijiti vinavyotandaza ngozi. Dole gumba liko peke yake juu, fupi, lina kucha, analitumia kupandia. Kwa hivyo usifanye fimbo moja ndefu na kitambaa kinaning'inia chini, hiyo ni bendera. Fanya fito mbili za mkono, kisha kutoka kwenye kiganja zitoke fito nne nyembamba za vidole zikitawanyika, na pindo la chini lipindwe ndani kati ya kidole na kidole kama nusu mwezi. Ule mpindo ndo unamfanya mtu wa mbali aseme popo.

Kitambaa tumia miavuli mibovu, waambie watoto wa mtaani wakukusanyie. Kile kitambaa ni chepesi, hakinywi maji, cheusi kimeshakuwa cheusi, na vile vijiti vyake vya ndani utavitumia ncha za vidole. Usitumie kanga wala kitambaa cha mabuibui, mvua moja ya kuchelewa ya masika ikikupata njiani bawa linakuwa zito mara mbili. Shona nyumba za fito, yaani mifereji ya kitambaa, uingize fito ndani, usishone fito moja kwa moja maana ikivunjika huwezi kuibadilisha.

ngalawa_mkoani

Maneno ya bi mshonaji yote sawa, lakini mimi naona mmesahau kitu kimoja na ndo kitakachomuangusha mtoto. Mwezi wa sita ni kusi, upepo wa kusini. Kwenye njia ya kwenda Gombani kuna mahali pa wazi, pale hutokuwa na mzigo mgongoni tena, utakuwa na tanga.

Mwanangu anasoma fizikia jana tumepiga hesabu pamoja. Mbawa mbili za mita moja na nusu kwa kimo cha kama sentimita 70, unapata mita mbili za mraba. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukizipiga usoni zinasukumwa kama kilo 10. Mbawa zenyewe labda kilo moja na nusu, kwa hivyo uzito si tatizo lako, tatizo ni upepo. Na upepo ukizidi mara mbili msukumo unazidi mara nne. Ukipungua ukawa kilomita 15 hizo kilo 10 zinakuwa mbili na nusu, mtoto hata hajali.

Sasa baharini tunafanyaje. Kwanza foromali, ule mti unaobeba tanga, haiwekwi juu kabisa. Wewe ulitaka kuzipandisha mbawa juu ya fremu kama pembe, kila sentimita unayopanda juu ya bega upepo unapata mkono mrefu wa kukupindua. Zishushe, mashina ya mbawa yakae kwenye chuma cha pili kutoka juu, usawa wa mabega ya nyuma. Chukua mwanzi mmoja mfupi wa sentimita 50, ulaze kwenye chuma hicho, funga kwa kamba ya tyubu kila upande, mizunguko minane ukivuta kwa nguvu, halafu mizunguko miwili ya kubana kati ya mwanzi na chuma. Kisha fito mbili za kuegemea zitoke kwenye ncha za mwanzi zishuke mpaka chuma cha chini kabisa, zifanye pembetatu. Hapo hata lile bomba lililotoboka halibebi kitu peke yake.

Pili, tanga linashushwa. Bawa lisikazwe likawa wima muda wote. Kwenye ncha ya mwanzi weka bolti moja ya kupita kwenye mwanzi tu, si kwenye fremu, na nati ya nailoni isiyolegea, mkono wa bawa uzunguke hapo. Kutoka juu ya fremu mpaka kwenye kiwiko cha bawa funga ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa, huo ndo utakaobeba uzito wa bawa badala ya mikono ya mtoto. Kwenye kiganja mwekee kitanzi cha kushika. Akinyanyua mikono bawa linafunguka na tyubu inamsaidia, upepo ukija anashusha mikono mbele ya kifua, mbawa zinamfunika kama alivyosema bi mshonaji popo anavyojifunika. Na huo ukunjaji ndo utakaowapendeza watu kuliko kufungua.

Tatu, kila kitanzi kifungwe kwa fundo la kuvuta mara moja likaachia. Akianguka asiwe kafungwa na fito.

fundi_mwera

Kamba ya tyubu kwa mwanzi nakubali, haidhuru bomba. Ila mimi ningeongeza klipu moja ya hosi kila upande juu ya kamba, tyubu ikipata jua la saa sita inalegea.

ngalawa_mkoani

Inalegea ukiifunga kivivu. Lakini weka, haina hasara.

muuguzi_tibirinzi

Naongeza la mwili tu. Fremu hizi zimetengenezwa kwa watu wazima warefu, mdogo wako wa kidato cha pili mkanda utamuangukia kwenye mapaja, hapo uzito wote unarudi mabegani na ndo atavutwa nyuma. Mkanda unatakiwa ukae juu ya ile mifupa miwili ya nyonga, uibane, mabega yaongozwe tu. Mpime kwa kumfunga mkanda kwanza akiwa kasimama, halafu mikanda ya mabega ikazwe mpaka igusane na bega tu, ukiweza kupitisha vidole viwili chini yake bila kulazimisha basi nyonga ndo zinabeba. Kama fremu ni ndefu pandisha mkanda kwenye mabomba, usikate chini. Nyuma ya kiuno weka spongi ya godoro iliyokunjwa mara mbili.

Weka mkanda mwembamba wa kifuani pia, wa kuunganisha mikanda ya mabega, bila huo akinyanyua mikono mikanda inateleza. Na chini ya vazi lote avae fulana ya pamba, hayo manyoya ya rangi ya chungwa yasizunguke shingo nzima, watoto wanazimia kwa joto kwenye maandamano kuliko kwa kuanguka. Kabla ya siku yenyewe avae nusu saa huku anatembea, umuangalie mabega, ukiona alama nyekundu isiyoondoka rekebisha.

kijana_wa_chake

Nimerudi. Nimechukua siku tisa na usiku mwingi lakini nataka niwaeleze kila kitu kwa sababu nyinyi ndo mmeitengeneza.

Kijiti nimechonga cha mkarafuu uliokauka, mgumu wallahi, tupa ilikuwa inalia. Kimeingia kwa kugonga mara saba nane, gundi ikatoka kwenye lile tundu nikaifuta na kitambaa. Bomba la antena lilikuwa kubwa kuliko la fremu kwa unene wa ukucha, nikalipasua, nikalivisha juu ya tyubu, klipu nne. Nikalipinda kwa mkono kwa nguvu zangu zote, upande mzima ndo ulionesha kupinda mwanzo.

Mwanzi wa kulala nimeuweka chuma cha pili kama alivyosema ngalawa_mkoani. Mara ya kwanza niliufunga juu kwa ukaidi nikitaka nione tofauti, mdogo wangu kavaa katoka uani, upepo mdogo tu wa jioni ukamrudisha hatua mbili mpaka akashika mti wa mshelisheli. Nikaushusha. Akatoka tena upepo uleule, akasimama. Sentimita 20 tu zile.

Miavuli nimepata 11, watoto wa mtaani wameleta mpaka mingine haijavunjika nikairudisha. Bi mshonaji, mifereji nimeshona kwa mkono miwili ya mwanzo imepinda, iliyobaki kanishonea jirani kwa cherehani. Fito za mkono ni mwanzi, za vidole nilianza na mwanzi pia lakini kidole cha pili kulia kilipasuka tulipokuwa tunajaribu kwenye kiwanja cha mpira, nikabadilisha vyote nikaweka henzerani, inapinda inarudi. Nilibadilisha bila kufumua kitu kwa sababu ya mifereji.

Yote pamoja na kichwa nimepima kwenye mizani ya karafuu ya baba, kilo tatu na robo tatu. Mkanda nimeupandisha sentimita tisa. Vidole viwili vinapita.

Kilichobaki ni hiki, akishusha mbawa haraka ile tyubu ya kiwiko inamrudisha kwa kishindo, bawa linapiga kisogo cha kichwa cha popo. Nipunguze nini?

ngalawa_mkoani

Tyubu yako fupi mno, umeivuta kupita kiasi. Irefushe kidogo kidogo mpaka bawa likiwa nusu limefunguka libaki hapohapo peke yake bila kushikwa, lisishuke lisipande. Hapo ndo sawa.

kijana_wa_chake

Nimeongeza sentimita sita. Linabaki hapohapo. Sasa hivi yuko uani anafungua anafunga, bibi kakaa barazani anamwambia ageuke amuone kwa nyuma, ageuke tena. Ahsanteni sana nyote, Mungu awalipe. Picha inshaallah tarehe tano.

mshonaji_wete

Mashaallah. Dole gumba umeliweka? Na kucha yake?

kijana_wa_chake

Dole lipo, kucha bado.

mshonaji_wete

Kata ganda la nazi, lisugue na msasa, pande mbili kama mwezi mchanga. Usimtoe bila kucha.